Data za makundi zenye mapengo: nifute mistari, nijaze, au niunde kundi la "Haijulikani"?

MtafitiMorogoro aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, hamjambo. Ninaandika tasnifu ya uzamili kuhusu mambo yanayowafanya kina mama wa vijijini wajifungulie kituo cha afya au nyumbani, nami nimekwama mahali ambapo sikutarajia kukwama. Nilikusanya madodoso 640 kwa msaada wa wadodosaji wanane, kila mmoja akiwa na madodoso 80. Vigeu vyangu karibu vyote ni vya makundi: mahali alipozaliwa mtoto wa mwisho, elimu ya mama, elimu ya mume, hali ya ndoa, na kipato cha kaya ambacho nilikigawa katika makundi ya chini, kati na juu.

Elimu ya mume inakosekana kwa kina mama 118, kipato kinakosekana kwa 131, na mahali pa kujifungulia hapakuandikwa kwa 9. Nikibakiza mistari iliyokamilika tu ninabaki na 402, kwa hiyo ninatupa 238, zaidi ya theluthi moja ya wanawake walioacha shughuli zao ili wanijibu. Jambo hilo linaniuma, na sitaki kulifanya kwa sababu tu ni rahisi.

Nimepewa ushauri wa aina tatu. Wa kwanza ni kufuta, kwa kuwa ndivyo wengi wafanyavyo. Wa pili ni kujaza kila pengo kwa jibu lililojitokeza mara nyingi zaidi, yaani modi, kwa sababu wastani hauna maana katika data za makundi. Wa tatu ni kuyaita mapengo yote "Haijulikani" na kuyaingiza kwenye regresheni ya lojistiki (modeli inayokadiria uwezekano wa mama kujifungulia kituoni au nyumbani) kama kundi la nne. Naomba kuelekezwa ni upi wenye hoja, na kwa nini. Niongeze kwamba faili langu lina namba 8, 9 na 99 pamoja na seli tupu, kwa kuwa wadodosaji hawakuandika mapengo kwa namna moja.

---

MzeeTakwimu alijibu:

Mwanangu, hujambo. Sentensi uliyoiweka mwisho ndiyo ningeianza nayo. Kabla ya kuchagua njia yoyote kati ya hizo tatu, jiulize kila pengo limetoka wapi, kwa maana seli tupu inaweza kuficha mambo ambayo hayana undugu wowote. Mama asiye na mume hakuulizwa elimu ya mume, na hapo hakuna kilichopotea, swali halikumhusu. Mama aliyesema hajui mumewe alisoma hadi wapi amejibu, na jibu lake ni taarifa. Mama aliyekataa kutaja kipato amekataa kwa sababu fulani. Na yule ambaye mdodosaji aliruka swali lake hana kosa lolote. Ukiyafuta yote kwa pamoja, au ukiyajaza yote kwa pamoja, utakuwa umewatendea watu wanne tofauti kama mtu mmoja.

Tafiti kubwa za afya na idadi ya watu zinazofanyika Tanzania, Kenya na kwingineko kwa mfumo wa DHS zina utaratibu wa siku nyingi katika jambo hili: 8 au 98 ni "hajui", 9 au 99 ni jibu linalokosekana, na seli tupu ni kwa mtu ambaye swali halikumhusu. Inaelekea baadhi ya wadodosaji wako walifuata mazoea hayo na wengine hawakuyafuata. Rudi kwenye makaratasi yenyewe, hata kama ni madodoso 238, uyapitie moja baada ya jingine.

Ukishatenganisha hayo, ndipo tuzungumzie mapengo ya kweli. Mwaka 1976 mtakwimu Mmarekani Donald Rubin alichapisha makala iliyoweka msingi wa fikra tunazozitumia mpaka leo, na kutokana nayo yamezoeleka mafungu matatu. Katika fungu la kwanza pengo limetokea kwa bahati tupu, kama karatasi iliyolowa mvua, na halihusiani na chochote kuhusu mhojiwa. Katika fungu la pili kutokea kwa pengo kunategemea mambo ambayo tunayo kwenye data, kwa mfano umri au kijiji, na mambo hayo yakishazingatiwa hakuna kingine kinachobaki. Katika fungu la tatu pengo linategemea jibu lenyewe lililofichwa. Mfano wa fungu hili la tatu unafahamika vizuri katika upimaji wa virusi vya UKIMWI kwenye tafiti za kaya: utafiti uliofanyika Malawi ulionyesha kwamba watu waliokwisha kujua kuwa wana maambukizi walikuwa wepesi zaidi wa kukataa kupimwa, na hivyo waliokosekana hawakufanana na waliopatikana.

Kuhusu modi, nakushauri uiache kabisa. Chukua mfano wa kubuni unaolingana na idadi yako. Tuseme kati ya kina mama 509 waliojibu swali la kipato, 255 wako kundi la chini, 153 la kati na 101 la juu, yaani takribani asilimia 50, 30 na 20. Ukiyajaza mapengo 131 kwa modi, kundi la chini linakuwa na watu 386 kati ya 640, nalo linaruka hadi asilimia 60, ilhali la juu linashuka hadi karibu 16, na hakuna hata mama mmoja aliyekuambia jambo jipya. Ubaya hauishii kwenye asilimia. Wale 131 wanaingia kundi la chini wakiwa na tabia zao zote za kujifungua, za matajiri na za maskini, na tofauti uliyokuwa ukiitafuta baina ya makundi inafifia. Kisha programu inakokotoa makosa sanifu (kipimo cha kutokuwa na uhakika wa kadirio) kana kwamba watu wote 640 walijibu, na unaandika tasnifu yenye uhakika ambao huna.

---

FundiData alijibu:

Naunga mkono aliyoyasema Mzee, nami niongeze upande wa programu, kwa kuwa hapo ndipo nimeona kazi nzuri zikiharibika bila mwenyewe kujua.

Namba 8, 9 na 99 ukiziacha zilivyo, programu haitajua kuwa ni mapengo. Jedwali la kipato kwa mahali pa kujifungulia lingepaswa kuwa na makundi matatu kwa mawili, na jaribio la kai-skwea, linalopima kama vigeu viwili vinahusiana, lingekuwa na digrii mbili za uhuru (makundi ya kila upande yakipunguzwa moja, kisha yakizidishwa). Hiyo 9 ikihesabiwa kama kundi, digrii zinakuwa tatu, na thamani ya p (uwezekano wa kuona tofauti kama hiyo au zaidi kwa bahati tu) unayoisoma inajibu swali ambalo hukuuliza. Elimu nayo ukiitia kwenye modeli kama namba zenye mpangilio, mama mwenye 99 anaonekana kuwa amesoma kupita maprofesa wote. Katika SPSS unaweza kutangaza kwa kila kigeu namba zipi ni mapengo. Katika Stata kuna alama za mapengo zinazotoka .a hadi .z, nazo zinakuwezesha kutenganisha aliyekataa, asiyejua na ambaye hakuulizwa. Lakini kumbuka kwamba Stata huhesabu pengo kuwa kubwa kuliko namba yoyote, kwa hiyo ukiagiza ichague wenye elimu inayozidi 2, wasio na jibu nao wataingia wote.

Programu ya R nayo ina tabia yake. Amri ya table huficha mapengo mpaka uiagize iyaonyeshe kwa useNA, na glm, amri yake ya regresheni, hufuta mistari yenye mapengo yenyewe, ikikuachia maelezo mafupi chini ya matokeo ambayo wengi hawayasomi. Tena, safuwima ya maneno ikiwa na seli tupu, read.csv haiigeuzi kuwa pengo: inaiacha kama kundi lisilo na jina, na utaliona kwenye jedwali kama mstari usio na kichwa. Upo pia mkasa wa kinyume. Namibia kwa alama za kimataifa za herufi mbili huandikwa NA, na R pamoja na pandas (zana ya data katika lugha ya Python) husoma herufi hizo kuwa pengo, kwa hiyo nchi nzima inaweza kutoweka kwenye faili lako bila onyo.

Baada ya kusafisha, unda kigeu kipya cha ndiyo na hapana kwa kila kigeu chenye mapengo: je, jibu linakosekana? Kisha kilinganishe na kijiji, umri, elimu ya mama, na hasa jina la mdodosaji. Jedwali hilo moja litakufundisha mengi kuliko jaribio lolote la kitaalamu.

---

MtafitiMorogoro alijibu:

Mzee wangu, shikamoo, na FundiData nakushukuru sana. Nimetumia siku nne kuyapitia madodoso, na niliyoyakuta yamenishtua.

Katika yale mapengo 118 ya elimu ya mume, kina mama 74 hawana mume: hawajaolewa, wameachika au ni wajane. Wengine 21 walisema hawajui, na 23 ni maswali yaliyorukwa. Nikiwaondoa hao 74 kwenye hesabu ya mapengo, mistari yenye pengo la kweli inashuka kutoka 238 hadi 171, na iliyokamilika inapanda kutoka 402 hadi 469. Nilikaribia kuwafuta wanawake hao wote kwa sababu tu hawana waume, ilhali hao ndio ambao pengine wangekuwa na mengi ya kusema kuhusu nani anayeamua mama ajifungulie wapi.

Kipato nacho kina kisa chake. Kati ya mapengo 131, mapengo 62 yametoka kwa mdodosaji mmoja, na wale saba waliobaki wana 69 tu kwenye madodoso yao 560. Nilimpigia simu nikidhani alifanya uvivu. Akaniambia kwamba katika kaya nyingi alizopangiwa mama mkwe alikuwa ameketi karibu, na swali la fedha lilipofika mhojiwa alinyamaza au alicheka akatazama chini, naye hakutaka kumtia matatani. Nimeangalia sehemu ya mwisho ya dodoso ambapo mdodosaji huandika kama kulikuwa na mtu mwingine, na kweli ameijaza kwa uangalifu kila mahali.

Sasa naomba kuuliza: wale 74 niwaweke wapi kwenye modeli, na haya 171 yaliyobaki niyafanyeje? Bado kuna rafiki anayenisisitizia kundi la "Haijulikani".

---

BintiPwani alijibu:

Dada au kaka, kwa hao 74 jibu ni jepesi. Elimu ya mume iwe na kundi linaloitwa "hana mume" kando ya hakusoma, msingi na sekondari na zaidi. Kundi hilo ni halali kwa sababu lina watu wa aina moja wanaojulikana. Uangalie jambo moja tu: hali ya ndoa ikiwa nayo imo kwenye modeli kama ameolewa au hajaolewa, vigeu hivyo viwili vitasema kitu kilekile, na programu itaangusha kimojawapo au itakupa makosa sanifu makubwa mno. Bakiza kigeu kimoja kilichounganishwa.

Kundi la "Haijulikani" ni jambo jingine kabisa, nami nasimama upande wa kulikataa. Ndani yake wamo matajiri, maskini na wa kati, wamechanganywa kwa uwiano usioujua. Unapoingiza kipato kwenye modeli ili usiuchanganye mchango wake na mchango wa elimu ya mama, wale walio ndani ya "Haijulikani" hawajatenganishwa kwa kipato hata kidogo, na elimu itaendelea kubeba sehemu ya kazi ya kipato. Upotovu huu hutokea hata pale mapengo yalipotokana na bahati tupu. Kama lengo lako lingekuwa kubashiri tu, kwa mfano kutambua mapema mama anayeelekea kujifungulia nyumbani, kundi hilo lingeweza kusaidia, kwa kuwa kunyamaza nako ni dalili. Lakini wewe unatafuta uhusiano.

Hata hivyo nataka kuitetea kidogo njia ya kufuta, ambayo naona hapa inasemwa vibaya kupita kiasi. Katika regresheni, kufuta mistari hakupotoshi uhusiano endapo kukosekana kwa jibu kunategemea vigeu elezi (vile unavyotumia kueleza matokeo) na hakutegemei matokeo yenyewe, hapa mahali pa kujifungulia, vigeu hivyo vikishazingatiwa. Tuseme wenye kipato cha juu ndio wanaokificha, na wanakificha sawasawa, awe amejifungulia kituoni au nyumbani. Hapo mistari iliyokamilika itakupa uhusiano sahihi, ilhali njia za kujaza zinazodhani fungu la pili la Rubin ndizo zitakazokosea. Asilimia za kipato utakazozitoa kwenye jedwali la maelezo zitakuwa na kasoro, na usahihi utapungua kwa sababu ya uchache, lakini uwiano wa odisi, yaani kipimo cha uhusiano kinachotolewa na regresheni ya lojistiki, utakuwa salama. Kwa hiyo usifute kwa mazoea, ila pia usijaze kwa mazoea.

---

MzeeTakwimu alijibu:

BintiPwani amesema kweli, na nimefurahi kwamba amelisema, maana wengi hufundishwa kuwa kufuta ni dhambi wakati wote. Swali linabaki: je, mapengo haya ni ya namna hiyo? Mwanangu, simulizi ya mdodosaji wako imetupa jambo ambalo mtafiti hulipata mara chache. Pengo la kipato linatokana kwa sehemu kubwa na kuwepo kwa mkwe, na kuwepo kwake umekuandika. Tena kaya yenye mama mkwe inaweza kuwa ndiyo ambako uamuzi wa kujifungulia nyumbani ni mwepesi zaidi, kwa hiyo kuwafuta kina mama hao kuna hatari ya kuwapunguza wanawake wa aina fulani. Kwa kuwa sababu hiyo imo kwenye data, uko karibu na fungu la pili, na hapo inafaa njia ya kujaza kwa makadirio yanayorudiwa mara nyingi.

Maana ya njia hii ni kwamba hujazi pengo kwa jibu moja unalojifanya kulijua. Unatengeneza nakala kadhaa za faili, na katika kila nakala jibu linalokosekana linachotwa kwa bahati kutoka kwenye uwezekano unaotokana na yale unayoyajua kuhusu mama huyo. Unafanya regresheni katika kila nakala, kisha unaunganisha matokeo. Kwa kipato chako, ambacho kina mpangilio wa chini, kati na juu, tumia modeli ya lojistiki ya makundi yenye mpangilio. Elimu ya mume kwa wale 44 walio na waume nayo ina mpangilio, na wale 74 wasio na mume uwazuie wasijazwe elimu ya mtu ambaye hayupo. Kigeu kisicho na mpangilio, mathalani kabila au aina ya usafiri, kingehitaji modeli ya lojistiki ya makundi mengi. Kifurushi cha mice katika R huziita polr na polyreg. Usifanye kosa la zamani la kujaza namba zenye desimali kama za urefu au uzito na kuzikaribisha kwenye kundi lililo jirani, kwa kuwa kufanya hivyo huleta upotovu wake.

Katika modeli ya kujazia weka kuwepo kwa mtu mwingine, jina la mdodosaji, kijiji, umri, na mahali pa kujifungulia penyewe. Wengi huogopa hilo la mwisho wakidhani ni udanganyifu, lakini ukiyaacha matokeo nje, kipato utakachojaza hakitakuwa na uhusiano wowote na mahali pa kujifungulia, na utakuwa umeupunguza kwa mkono wako uhusiano unaoutafuta.

Mistari yako isiyokamilika ni 171 kati ya 640, karibu asilimia 27, na kanuni ya kawaida inasema idadi ya nakala isipungue asilimia hiyo, kwa hiyo fanya 30. Kuunganisha kunafuata kanuni za Rubin: kadirio ni wastani wa makadirio 30, na varianzi (mraba wa kosa sanifu) ni wastani wa varianzi za ndani ya nakala ukijumlisha varianzi baina ya nakala iliyozidishwa kwa moja na sehemu moja ya thelathini. Kwa mfano, varianzi ya ndani ikiwa 0.04 na ya baina ikiwa 0.01, jumla ni takribani 0.0503, na kosa sanifu linapanda kutoka 0.2 hadi 0.224. Ongezeko hilo ndilo gharama ya kutojua, na ni haki msomaji wako alione. Thamani za p usizitafutie wastani kamwe.

---

MtafitiMorogoro alijibu:

Nimeelewa, mzee wangu, na BintiPwani asante. Swali langu la mwisho: watahini wakiniuliza nimejuaje kwamba hakuna aliyeficha kipato kwa sababu ya kipato chenyewe, nijibu nini?

---

BintiPwani alijibu:

Ujibu kwamba data peke yake haiwezi kuthibitisha hilo, kisha uwaonyeshe jaribio. Baada ya kujaza, hamisha sehemu ya waliojazwa kutoka kundi la kati kwenda la juu, kwanza mmoja kati ya kumi, halafu wawili, halafu watatu, na kila mara urudie regresheni. Uhusiano wa elimu ya mama ukibaki palepale, waambie umebaki. Ukigeuka, waambie umegeukia kwenye kiwango gani. Weka pia matokeo ya mistari 469 iliyokamilika kando ya yale ya nakala 30 katika jedwali moja, pamoja na idadi ya mapengo ya kila kigeu na sababu zake ulizozikuta kwenye makaratasi. Na aya ile ya mama mkwe usiiweke kwenye kiambatisho, iweke katika sura ya mbinu, mahali ambapo watahini wataisoma kabla ya kufika kwenye namba.